Mama Narcissa: Alivuka Milima, Kizingiti Kikamshinda

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka hii ya kuvuka mipaka na kushirikiana, hebu tumtazame mama mmoja aliyevuka zamani kabla yetu.

Narcissa Prentiss alizaliwa tarehe 14 Machi 1808 huko Prattsburgh, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake, Stephen na Clarissa, walijaliwa watoto tisa, naye ndiye binti wa kwanza. Tangu usichana alikuwa na mzigo wa umisheni, lakini shirika la misheni halikutaka kumtuma mwanamke asiye na mume. Basi, Februari 1836 akafunga ndoa na daktari Marcus Whitman, wakaondoka. Kwao hakurudi tena.

Tarehe 4 Julai 1836, yeye na mwenzake Eliza Spalding walivuka Milima ya Rocky, wakiwa wanawake wa kwanza wa kizungu kuipita kwa nchi kavu. Kituo chao kilikuwa Waiilatpu, eneo la Oregon, katikati ya watu wa Cayuse.

Hapo akajifungua binti, Alice Clarissa, tarehe 14 Machi 1837, siku ileile aliyozaliwa mama. Wenyeji walimpenda sana mtoto yule. Lakini Juni 1839, akiwa na miaka miwili na miezi mitatu tu, alizama mtoni. Narcissa hakuzaa tena. Mwaka 1844 aliwapokea yatima saba wa familia moja, akina Sager, ambao baba na mama yao walifia njiani. Wa mwisho alikuwa bado kichanga.

Sasa mpendwa, nisikufiche. Mama huyu aliyewafungulia yatima mlango, wenyeji aliwafungia. Wao walizoea kuingia tu nyumbani kwa mtu. Yeye akaona wanamchafulia nyumba, akawatengea chumba chao. Wakati huohuo walowezi walizidi kumiminika. Waliookoka katika Cayuse walikuwa wachache mno.

Mwaka 1847 surua ikaingia. Watoto wa Cayuse walikufa kwa wingi, wa wageni wengi wakapona. Kwa desturi yao, mganga aliyeshindwa kuponya aliweza kuuawa. Tarehe 29 Novemba baadhi yao wakavamia kituo, wakamwua Marcus, Narcissa na wengine, wakiwemo vijana wawili wa Sager. Mwaka 1850 wanaume watano wa Cayuse wakanyongwa. Vilio pande zote mbili.

Usimhukumu haraka, ndugu yangu. Alitoa vyote: wazazi, mtoto, na mwisho uhai wake. Ila jiulize: ndugu wa ng'ambo ya mpaka akija kwako na desturi zake, unamkaribisha sebuleni, au unamwekea kiti nje? Kuvuka mpaka kwa basi ni kazi ya siku moja. Kuvuka kizingiti cha moyo, hapo ndipo tunamhitaji Roho Mtakatifu. Amina.