Apolo Kivebulaya, Mtumishi wa Mboga

Tarehe 30 Mei Kanisa humkumbuka Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyelala katika Bwana siku hiyo mwaka 1933. Inatufaa kuyatazama maisha yake, maana Kitabu cha Mithali hutufundisha kwamba mwenye haki ni kama mti ambao wengine hupata uzima kwa matunda yake.

Apolo alikuwa Mganda. Jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, kwa kuwa alizaliwa pacha. Katika ujana wake alikuwa askari, akavuta bangi. Lakini alikuwa amemsikia Alexander Mackay akihubiri Injili, na maneno yale hayakumtoka moyoni. Alibatizwa mwaka 1895, akajitoa kuwa mwalimu wa dini. Jina Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alipewa kwa ajili ya koti jekundu alilopenda kulivaa.

Mwaka 1896 alivuka milima ya Ruwenzori mpaka Mboga, ambayo leo iko Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wamenyimwa chakula hata wakaondoka. Apolo alishika jembe, akalima shamba lake mwenyewe. Mtemi Tabaro hakupendezwa na mafundisho yake juu ya ulevi na wake wengi, naye Apolo akapigwa.

Kisha likatokea jambo zito. Dada yake mtemi alianguka juu ya mkuki wa Apolo uliokuwa ndani ya mzigo wa matete, akafa. Apolo alishtakiwa kuwa ni mwuaji, akafungwa minyororo na kupelekwa Toro. Huko gerezani, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo. Ilipoonekana kwamba hana hatia, aliachiliwa.

Tujiulize, sisi tungefanya nini? Wengi wetu tungekwenda kwetu tukashukuru Mungu. Apolo alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomtesa. Tabaro alistaajabu kumwona. Mahubiri alikuwa ameyasikia na kuyakataa. Lakini mtu anayerudi bila kinyongo hakuweza kumkataa. Mtemi akaamini, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Hakuoa. Alihudumu Toro miaka mingi, kisha akarudi Mboga, na toka mwaka 1921 akaingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi waliodharauliwa na jirani zao. Aliketi nao, akajifunza lugha yao, akatafsiri Injili ya Marko. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, lakini cheo hicho hakikumtoa msituni.

Alipougua sana alitaka kufia Mboga. Yasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Kanisa Anglikana la Kongo, ambalo waumini wake wengi husali kwa Kiswahili kama sisi, limetoka katika mbegu ile.

Basi, tunapokutana na yule aliyetukosea, iwe nyumbani, kazini au hapa kanisani, tukumbuke njia ya kurudi Mboga. Huenda mtu huyo anangoja kuuona Ukristo wetu kabla hajausikia. Mungu atujalie neema hiyo. Amina.