Kardinali Otunga: Buda Aliyeachia Kiti Kabla Kengele Kulia

Wewe unaijua hii vizuri. Uko Shimanzi saa sita mchana, jua limewaka, malori yamefunga barabara mpaka mlango wa godauni. Mwenye funguo za stoo ni mzae ambaye amezishika tangu mamako akiwa msichana. Kila Disemba anasema huu ndio mwaka wake wa mwisho, na kila Januari unampata pale pale. Kuna vijana wa mtaa wanaoijua hiyo kazi kumshinda, lakini wao ndio wanabeba magunia. Na huwezi kumsukuma. Ni mzee wetu, shikamoo yake anaipata kila asubuhi.

Sasa toka hapo, panda tuktuk mpaka Nkrumah Road, ushukie pale Holy Ghost, kanisa kuu la Wakatoliki wa Mombasa. Huko ndani pia kuna kiti, kile cha askofu mkuu, na swali ni lile lile: mzee anatoka lini?

Wakatoliki wana jibu kwa karatasi. Papa Paulo wa Sita alianza mwaka wa 1966 kuwaomba maaskofu waandike barua ya kuachia wakigonga miaka 75, na mwaka wa 1983 ikaingia kwenye sheria za Kanisa. Lakini cheki ujanja wake: barua unaandika wewe, kuikubali ni Papa. Anaweza kuisoma akakwambia kaa kidogo. Hapa jirani Tanzania, Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali nyakati hizi zetu, alitoka Dar es Salaam mwaka wa 1992 akiwa tayari na miaka 80.

Ndiyo maana nataka nikupe stori ya Maurice Michael Otunga. Kama umezaliwa juzi juzi kama mimi, pengine jina umelisikia tu likitajwa na shosho baada ya misa.

Alizaliwa Januari 1923 huko Chebukwa, Bungoma. Babake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu, mtu mzito mwenye wake wengi na watoto usioweza kuwahesabu kwa vidole. Huyu kijana alibatizwa mwaka wa 1935, akapita Mang'u, akaenda seminari ya Ggaba kule Uganda, halafu Roma. Kiti cha uchifu kilikuwa karibu kabisa. Hakukitaka, alitaka upadri. Hebu jiulize ni wangapi kwenu wangepewa uchifu wa kikoloni, na mshahara na heshima yake yote, wakasema asante, mpeni mwingine.

Alipewa upadri Roma mwaka wa 1950. Baada ya hapo mambo yalikimbia: mwaka wa 1957 alikuwa askofu msaidizi Kisumu akiwa na miaka 34 tu, 1960 akapewa Kisii, 1969 akaletwa Nairobi, na 1971 akawa askofu mkuu. Aliyempisha alikuwa John McCarthy, mmishonari wa Ireland, kwa hiyo Otunga ndiye Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti. Machi 1973 Papa akamfanya kardinali, Mkenya wa kwanza. Alikuwa na miaka 50.

Na usidhani ilikuwa kazi ya kubariki maji na kukata keki. Mwaka wa 1978 Mapapa wawili walifariki ndani ya wiki chache, na mara zote mbili Otunga alifungiwa ndani na makardinali wenzake kuchagua mwingine. Yule wa pili waliyemchagua, Yohane Paulo wa Pili, alikuja Kenya mara tatu, 1980, 1985 na 1995, na mara zote mwenyeji alikuwa Otunga. Tangu 1981 alikuwa pia askofu wa wanajeshi. Ukijumlisha, alikalia Nairobi miaka 26.

Sitakupaka mafuta. Kuna mahali vijana wengi hushindwa naye. Miaka ya 90, ukimwi ukimaliza watu, alisimama mbele ya umati Nairobi kondomu zikichomwa moto pamoja na vitabu vya kufundisha watu kuzitumia. Kwa upande wake alikuwa anafuata mafundisho ya Kanisa bila kupinda. Kwa upande wa aliyemzika ndugu, hilo jambo bado linauma, na mimi sioni vile lingekosa kuuma. Pia wapo waliosema alikuwa mpole mno kwa serikali wakati maaskofu wengine walikuwa wanapiga kelele wazi wazi. Mtu akikaa miaka 26, kaa na kupenda na kulaumiwa. Hiyo nayo ni sababu ya kupisha wengine: enzi zinabadilika, na aliyezoea enzi moja husikia ile mpya kama kelele.

Lakini cheki alivyotoka. Aprili 1997 alikuwa na miaka 74. Kengele ya 75 haikuwa imelia. Akaachia, Ndingi Mwana a'Nzeki akachukua Nairobi. Alikuwa bado kardinali, jina lilikuwa kubwa, na watu wangemjengea nyumba Karen au Muthaiga bila hata kuombwa. Yeye akaenda kukaa Nyumba ya Wazee, Kasarani, kwa wale masista wanaotunza wazee wasio na kitu.

Hapo ndipo nilisimama kidogo nikiisoma hii stori. Mzae wa Shimanzi haogopi kukosa kazi, kazi yenyewe imemchosha. Anaogopa asubuhi ya kwanza bila funguo mfukoni, aamke awe mzee tu. Otunga aliiendea hiyo asubuhi kwa miguu yake, akakaa meza moja na wazee ambao hakuna gazeti liliwahi kuwaandika.

Utaniambia ubaba haustaafu. Kweli, wapo wanaoamini hivyo. Yohane Paulo wa Pili alikaa mpaka kifo Aprili 2005, dunia nzima ikimuona anatetemeka, na wengi walipata nguvu kwa kumuona hivyo. Francis naye alifia kwenye kiti Aprili 2025 akiwa na miaka 88. Papa hana ile sheria ya 75. Lakini Benedikto wa Kumi na Sita alitoka mwenyewe Februari 2013, na mwaka huo huo hapa kwetu Mombasa Askofu Mkuu Boniface Lele aliachia kwa sababu ya afya, hata 75 hajaikaribia. Mwaka uliofuata akafariki. Sijui nani angemwambia Lele kwamba alikosea kupumzika.

Mimi niko upande wa wanaotoka. Jimbo si shamba la urithi. Lina mapadri wa kupanga, shule, hospitali, pesa za watu, na mgonjwa akikaa juu, kuna mtu hapo pembeni anaanza kuamua kwa jina lake bila kuulizwa.

Otunga alifariki Septemba 6, 2003, miezi michache baada ya kufikisha 80, umri ambao kardinali hapigi tena kura ya kumchagua Papa. Walimzika St Austin's, Msongari, kwenye makaburi ya wamishonari. Mwaka wa 2005 mwili ukahamishwa hadi Resurrection Garden, Karen. Siku hizi Kanisa linamuita Mtumishi wa Mungu na mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulishafunguliwa. Ukishuka SGR Nairobi ukiwa na mchana mmoja wa bure, kaburi liko hapo Karen, na utapata watu wamekaa kimya kando yake.