Abebe Bikila: Shujaa wa marathoni aliyepoteza miguu lakini hakuacha kushindana

HADITHI ya Abebe Bikila husimuliwa kwa ufupi mno. Huambiwa kwamba alikuwepo Mhabeshi mmoja maskini aliyekosa hata viatu, akaingia Roma pekupeku mwaka wa 1960 na kuwaacha vinywa wazi wakimbiaji wa dunia nzima. Ni hadithi tamu, na wengi wetu tuliipokea hivyo tangu tulipokuwa shuleni. Lakini inamnyima marehemu haki yake. Inamfanya aonekane kama mtu aliyeokota ushindi njiani, ilhali alikuwa askari aliyefundishwa kwa miaka mingi na aliyeujua mwili wake kama fundi anavyoijua nyundo yake. Isitoshe, hadithi hiyo hukomea pale ambapo maisha yake yalianza kuwa magumu.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa nchini Ethiopia. Kwa sadfa, siku hiyo hiyo ndipo marathoni ya Olimpiki ilipokuwa ikikimbiwa Los Angeles, Marekani. Hakuwa bado ametimiza miaka minne jeshi la Mussolini lilipoivamia nchi yake mnamo Oktoba 1935, na familia yake ikalazimika kuyahama makao yake wakati wa vita hivyo.

Utotoni alichunga mifugo na kucheza gena, mchezo wa jadi wa Wahabeshi unaochezwa kwa fimbo na mpira mdogo. Katika mchezo huo magoli ya pande mbili huweza kutengana kwa kilomita kadhaa, hivyo mchezaji hushinda akikimbia mabondeni na vilimani bila kuhesabu masafa. Mwenye kutafuta asili ya mapafu ya Bikila na aanzie hapo.

Mapema katika miaka ya hamsini alihamia Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Alikuwa na desturi ya kukimbia kutoka vilima vya Sululta hadi jijini, mwendo wa kilomita 20 hivi, kisha kurudi. Kikosini ndimo alimokutana na Onni Niskanen, raia wa Uswidi mwenye asili ya Kifini, ambaye alikuwa amefika Ethiopia mwaka wa 1946 na kupewa kazi ya kuwafunza askari michezo. Niskanen hakumpa uchawi wowote. Alimpa ratiba: siku za kukimbia kasi vipande vifupi kwa kurudiarudia, siku za milima, siku za masafa marefu, na siku za kupumzika. Hili la mwisho ndilo gumu zaidi kwa kijana mwenye nguvu.

Matunda yalionekana kabla ya Roma, ila hakuna aliyekuwa akitazama. Mnamo Agosti 1960, katika marathoni iliyokimbiwa Addis Ababa, jiji lililo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, Bikila alitumia saa 2 dakika 21 na sekunde 23. Rekodi ya Olimpiki wakati huo ilikuwa ya Emil Zatopek wa Chekoslovakia, ambaye huko Helsinki mwaka wa 1952 alitumia saa 2 dakika 23 na sekunde 3. Kwa maneno mengine, askari asiyejulikana alikuwa tayari ameivunja rekodi ya gwiji huyo mahali ambapo hewa ni hafifu. Waandishi wa Ulaya hawakumjua, na waliomsikia hawakuamini.

Kuhusu viatu, ukweli ni rahisi. Viatu vipya alivyopata huko Roma vilimbana na kumtoa malengelenge. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi mara kwa viatu, mara pekupeku, na nyayo zake zilikuwa ngumu. Yeye na kocha wake wakapima, wakaona heri kwenda bila viatu kuliko kwenda na viatu vya kuumiza. Ulikuwa uamuzi wa kiufundi, si umaskini.

Marathoni hiyo ya Septemba 10, 1960, ilianza jioni ili kukwepa joto, kwenye kilima cha Campidoglio. Niskanen alikuwa amemtahadharisha mwanafunzi wake kuhusu wapinzani wachache, na mkubwa kati yao alikuwa Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco, ambaye angevaa namba 26. Lakini Rhadi hakuivaa namba hiyo. Alijitokeza na namba 185 kifuani. Kwa muda mrefu wa mbio hizo Bikila alikimbia bega kwa bega na mtu mwenye namba 185, huku akijiuliza yule wa 26 amefika wapi. Alidhani yuko mbele. Akaongeza mwendo ili amfikie mtu aliyekuwa kando yake!

Giza likaingia. Kwenye barabara ya kale ya Appia, askari wa Italia walisimama kando na mienge mikononi kuwamulikia wakimbiaji. Wawili hao waliendelea pamoja, mmoja amevaa viatu na mwingine nyayo tupu juu ya mawe, hadi walipokaribia mnara wa Axum.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Mnara huo wa mawe ulikuwa mali ya Ethiopia. Wavamizi wa Italia waliung'oa Axum na kuusimamisha Roma mwaka wa 1937 kama ngawira ya vita. Bikila na kocha wake walikuwa wameikagua njia ya mbio siku za kabla, na walijua kwamba kutoka kwenye mnara huo hadi mwisho hapakusalia masafa marefu. Walikubaliana kwamba hapo ndipo mahali pa kufyatuka. Akafyatuka. Rhadi hakuweza kumfuata tena, na Bikila akafika chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16.2, sekunde 25 mbele ya Mmorocco huyo. Muda bora wa dunia uliokuwa wa Mrusi Sergei Popov aliupunguza kwa chini ya sekunde moja. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuishindia nchi ya bara hili dhahabu ya Olimpiki, na aliishinda katika jiji ambalo miaka 25 awali lilituma majeshi kuiteka nchi yake. Mnara wenyewe ulirejeshwa Ethiopia mwaka wa 2005.

Sifa hazikumkinga na siasa za nyumbani. Mnamo Desemba mwaka huo huo, kamanda wa kikosi chake, Jenerali Mengistu Neway, aliongoza jaribio la kumpindua Mfalme. Jaribio likashindwa, na jenerali akanyongwa mwaka uliofuata. Bikila hakushiriki katika mapigano, lakini alizuiliwa kwa muda mfupi na kuhojiwa kabla ya kuachiliwa. Mtu aweza kuwa shujaa wa taifa mwezi Septemba na mshukiwa mwezi Desemba; Afrika yetu imewaona wengi wa aina hiyo.

Mwaka wa 1961 alishinda marathoni za Athens, Osaka na Kosice. Mwaka wa 1963 alikwenda Boston, akaongoza kwa kasi kubwa pamoja na mwenzake Mamo Wolde, kisha upepo wa baridi na vilima vikamvunja nguvu akamaliza wa tano.

Michezo ya Tokyo ya 1964 ndiyo inayoonyesha alikuwa mkimbiaji wa namna gani. Mnamo Septemba, wiki tano hivi kabla ya marathoni, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mtu wa kawaida angekuwa angali akijishika ubavu anapocheka. Bikila alisafiri hadi Japan, na Oktoba 21 akasimama kwenye mstari, safari hii akiwa na viatu vyeupe na soksi. Alikimbia peke yake sehemu kubwa ya njia na kuingia uwanjani akitumia saa 2 dakika 12 na sekunde 11.2, muda mwingine bora wa dunia. Wa pili, Mwingereza Basil Heatley, alifika dakika nne na zaidi baadaye. Katika nafasi hiyo ya kungoja, Bikila alikwenda kwenye nyasi za katikati ya uwanja, akalala chali na kuanza kunyoosha viungo na kuchezesha miguu hewani kama mwendesha baiskeli. Maelfu ya watazamaji walishangilia na kucheka. Yeye hakuwa akiwachezea. Alikuwa akifanya alichofanya kila siku baada ya mazoezi.

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Ni katika michezo hiyo hiyo ya Tokyo ambapo Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Sisi tulikuwa ndio kwanza tunahesabu moja.

Huko Mexico City mwaka wa 1968 alijaribu mara ya tatu, lakini mguu uliokuwa na ufa kwenye mfupa haukumruhusu. Baada ya kilomita 17 hivi alitoka barabarani Oktoba 20, akamwachia Wolde kazi ya kuitetea heshima ya Ethiopia. Wolde akashinda. Wakenya wanaikumbuka tarehe hiyo kwa jambo jingine, kwa kuwa ndiyo siku Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500. Naftali Temu, aliyekuwa amemshinda Wolde katika mita 10,000 wiki moja kabla, alijitosa pia katika marathoni hiyo na kumaliza wa 19. Kenya ilingoja hadi Samuel Wanjiru aliposhinda Beijing mwaka wa 2008 ndipo ikapata dhahabu ya marathoni ya wanaume.

Usiku wa Machi 22, 1969, Bikila alikuwa akiendesha gari lake dogo aina ya Volkswagen kuelekea Addis Ababa. Lilipinduka na kumbana ndani, na hakupatikana hadi asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umejeruhiwa karibu na shingo. Mara ya kwanza hakuweza kuisogeza mikono wala miguu.

Serikali ilimpeleka Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, alikokaa takriban miezi minane. Hospitali hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ndiko Daktari Ludwig Guttmann alikoanzisha tiba iliyobadili maisha ya waliovunjika uti wa mgongo. Kabla yake, watu wa aina hiyo walilazwa kitandani na kungojewa wafe. Yeye aliwaamsha na kuwapa mazoezi, upinde na mishale, na mpira. Mwaka wa 1948 aliandaa mashindano ya kwanza ya wagonjwa wa viti vya magurudumu, na mwaka wa 1960 mashindano hayo yakafanyiwa ng'ambo kwa mara ya kwanza, yakihusisha wanariadha 400 hivi. Yalifanyiwa wapi? Roma, mwezi huo huo wa Septemba, siku chache tu baada ya Bikila kupita chini ya Tao la Konstantino. Leo yanatambuliwa kuwa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza.

Mikono ikarudi polepole. Miguu haikurudi kamwe. Alikuwa na umri wa miaka 36, na kila alichokuwa nacho duniani, cheo, jina, safari na heshima ya Mfalme, kilikuwa kimeletwa na miguu hiyo. Wapo waliovunjika moyo kwa hasara ndogo kuliko hiyo. Bikila alirudi kwenye kitu alichokijua, nacho ni ratiba. Mazoezi ya asubuhi, mazoezi ya jioni, safari hii ya mabega, viganja na vidole. Mwaka wa 1970 alishiriki katika michezo ya Stoke Mandeville, akalenga shabaha kwa upinde na kucheza tenisi ya meza. Mwaka wa 1971 alialikwa Norway kama mgeni katika michezo ya walemavu, lakini hakukubali kukaa akitazama. Alishindana, na akashinda mbio za sileji, vile vigari visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji. Theluji si kitu alichokulia nacho mchungaji wa Jato.

Binafsi nauona ushindi huo kuwa mkubwa kuliko wa Tokyo. Tokyo alikuwa na mwili uliokubali amri. Norway hakuwa nao, na hapakuwepo na dhahabu ya Olimpiki iliyomngoja, wala rekodi ya dunia ya kuandikwa. Alikuwa akishindana kwa sababu ndivyo alivyojua kuishi.

Mwaka wa 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima. Alipoingizwa uwanjani katika kiti chake, watazamaji walisimama kumpigia makofi. Aliitazama marathoni ikishindwa na Mmarekani Frank Shorter, na Wolde akipata shaba. Shorter, baada ya kuvishwa medali, alikwenda kumpa mkono.

Bikila aliaga dunia Oktoba 25, 1973, kwa kuvuja damu ubongoni, tatizo lililotokana na ile ajali. Alikuwa na miaka 41, mwenye cheo cha kapteni, na aliacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Siku ya kitaifa ya maombolezo ilitangazwa, na inakadiriwa kuwa watu 65,000 walihudhuria mazishi yake Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Mwaka mmoja haukupita kabla Mfalme mwenyewe kung'olewa madarakani. Mamo Wolde, aliyefungwa miaka mingi gerezani baada ya utawala wa kijeshi uliofuata kuanguka, alifariki mwaka wa 2002, na akazikwa katika makaburi yale yale ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu alikolazwa mwenzake.