Michael Faraday: Msomaji Asiyekuwa Msomi

Msomaji mpendwa, kabla sijaanza kisa changu, hebu nikuulize swali dogo. Ukiambiwa kwamba fulani amesoma, wewe huelewa nini? Lugha yetu ni karimu mno hapa. Kusoma ni kupitisha macho juu ya maandishi. Kusoma ni kwenda shule. Na kusoma ni kurudi nyumbani na vyeti. Ndiyo maana wazee kijijini humsifu kijana wa jirani kuwa amesoma sana, ilhali hawajawahi kumwona na kitabu mkononi. Na ndiyo maana mimi, mwandishi wako, muhula wa pili nilijipiga kifua katika mashindano ya maktaba. Nilikuwa nimeazima vitabu 31! Mwalimu mmoja akakichukua kimoja, akakifungua katikati, akaniuliza kilikuwa kinasema nini. Wee! Nilitazama dari kana kwamba jibu lilikuwa limebandikwa huko. Kadi yangu ilijaa mihuri, kichwa kikawa kitupu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa mtu ambaye nilikuwa nikimjua kwa jina tu, kutokana na somo la Fizikia. Pengine nawe unamjua hivyo hivyo: sheria ya Faraday, alama mbili, basi.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, kusini mwa London. Babake, James, alikuwa mhunzi, lakini afya ilimtupa mkono na siku nyingi nyundo ililala. Mwaka wa 1801 chakula kilipopanda bei, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja umtoshe wiki nzima. Mkate mmoja, jamani! Na sisi tunalalamikia githeri ya Jumatano.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Inasimuliwa kwamba ulimi wake ulikuwa mzito kwenye herufi r, na mwalimu akaamua kuutibu kwa kiboko. Kakake Robert alipewa senti akanunue fimbo hiyo. Robert akairusha senti ng'ambo ya ukuta, akakimbia kumwarifu mama, naye mama akawatoa wanawe wote wawili katika shule ile. Hivyo basi, shujaa wetu hakupata Kilatini, hakupata aljebra, wala hakukanyaga chuo kikuu akiwa mwanafunzi.

Mwaka wa 1804, akiwa na miaka 13, alianza kutumwa-tumwa katika duka la George Riebau, mwuza vitabu na mjalidi katika mtaa wa Blandford. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti kwa wateja, kungoja wayasome, kisha kuyachukua awapelekee wengine. Mwaka uliofuata Riebau alimchukua awe mwanagenzi kwa miaka saba bila kumtoza ada. Hapo alifundishwa kushona kurasa, kupaka gundi na kuvisha vitabu majalada ya ngozi.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo. Mjalidi hushika vitabu vingi kuliko profesa. Kama kuwa na vitabu mkononi ndiko kusoma, basi wajalidi wote wa London wangekuwa mabingwa. Wenzake Faraday walishona kurasa hizo hizo, wakazikata kingo, wakaenda zao. Yeye alifungua na kuangalia ndani. Siku moja aliletewa juzuu la ensaiklopidia ili alijalidi upya, akakuta humo makala marefu kuhusu umeme. Je, aliyasoma? Ndiyo, lakini hakuishia hapo. Alinunua chupa kuukuu akajiundia mtambo mdogo wa kuzalisha umeme, aone kama kitabu kinasema kweli.

Kitabu kingine kilichomteka kilikuwa cha kemia, kilichoandikwa na Jane Marcet kwa njia ya mazungumzo baina ya mwalimu na wanafunzi wake. Toleo la kwanza la mwaka 1806 halikuwa hata na jina la mwandishi. Faraday alikisoma kwa pesa zake chache: kila alipokuta jaribio ambalo mfuko wake ungeweza kulimudu, alilifanya. Alipoona kwamba jambo limetokea kama lilivyoandikwa, aliendelea na ukurasa unaofuata. Alipokuwa mzee alieleza sababu yake. Utotoni alikuwa mwepesi wa kuamini, na Alfu Lela Ulela aliiamini sawa na ensaiklopidia. Majaribio ndiyo yaliyomwokoa. Mimi niliposoma hapo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana na mimi huamini kila kilichopigwa chapa.

Tena kulikuwa na kitabu cha Isaac Watts kuhusu njia za kuinoa akili. Wengi hukisoma kitabu cha namna hiyo, wakakisifu, wakakirudisha kabatini. Faraday alikitii kama askari. Watts alishauri kuweka daftari la mambo uliyosoma: Faraday akaanza daftari. Alishauri kuandikiana na mwenzako mwenye kiu hiyo hiyo: Faraday akaandikiana na rafiki yake Benjamin Abbott. Alishauri kuhudhuria mihadhara: Robert, ambaye sasa alikuwa mhunzi kama baba yao, akamtolea shilingi moja kwa kila mhadhara wa bwana Tatum. Ili michoro ya daftari iwe safi, alijifunza kuchora kwa msanii Masquerier aliyekuwa mpangaji wa Riebau, na malipo yake yakawa kumpigia viatu rangi na kumpangia chumba. Sarufi yake ilikuwa mbovu, naye hakuona haya kumwomba rafiki yake Magrath amsahihishe. Wanachama wenzangu, zingatieni hilo.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alivutiwa na madaftari hayo, akampa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy katika Royal Institution. Davy alikuwa nyota ya London, mwanakemia aliyejaza ukumbi. Faraday alikaa ghorofani, juu ya saa ya ukutani, akasikiliza mihadhara minne na kuandika. Kisha akarudi nyumbani, akayaandika yote upya na kuyachorea picha.

Mwezi wa Oktoba uanagenzi wake ukaisha. Akawa mjalidi kamili mwenye mwajiri mpya mkali, na mlango wa sayansi ulionekana kufungika pwaa! Babake alikuwa amefariki mwaka wa 1810 na mama alihitaji msaada. Faraday alimwandikia rais wa Royal Society, Joseph Banks, akiomba kazi yoyote. Hakujibiwa. Hapo ndipo alipotumia ufundi aliokuwa akiuchukia: akayajalidi maandishi ya mihadhara ile minne, takriban kurasa 300, akampelekea Davy mwenyewe mwezi wa Desemba.

Fikiria ungekuwa wewe Davy. Wengi walimsifu, lakini huyu alimrudishia maneno yake yakiwa yameeleweka. Nafasi haikuwepo bado. Mwanzoni mwa 1813 msaidizi wa maabara akafutwa kazi kwa kupigana, na tarehe 1 Machi Faraday akaandikwa kwa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili juu ghorofani na mishumaa.

Safari yake ya Ulaya pamoja na Davy, tangu 1813 hadi 1815, sitaieleza sana. Aliwaona wanasayansi wakuu wa Ufaransa na Italia, na wakati huo huo mkewe Davy alimfanya mtumishi wa nyumbani. Alikaribia kurudi kujalidi vitabu. Akavumilia.

Sasa tufike 1821, mwaka ambao kwangu mimi ndio kiini cha kisa hiki. Mwaka mmoja nyuma, Ørsted wa Denmark alikuwa ametangaza kwamba waya wenye umeme huigeuza sindano ya dira. Ulaya nzima ikafurika makala. Kila mmoja alikuwa na nadharia yake. Mhariri wa jarida fulani, Richard Phillips, akamwomba Faraday aandike muhtasari wa yote yaliyochapishwa. Kazi ya kusoma tu, si ndiyo? Mtu mwingine angekaa kitini, asome, anukuu, apeleke. Faraday aliyasoma makala huku waya ziko mezani, akirudia karibu kila jaribio lililotajwa. Katika kurudia huko, mwezi wa Septemba, aliona jambo ambalo hakuna makala iliyolisema: waya wenye umeme, ukiwa umetumbukizwa ncha katika kikombe cha zebaki, uliizunguka sumaku bila kukoma. Huo ndio ukoo wa mota zote, kuanzia feni hadi mashine ya posho. Inasemekana alicheza akizunguka meza pamoja na shemeji yake mdogo, George.

Furaha haikudumu. Watu walinong'ona kwamba ameiba wazo la msomi Wollaston, kwa kuwa alichapisha haraka bila kumtaja. Hapo Faraday alikosea, nami sitamtetea. Ilipofika 1824 alichaguliwa kuingia Royal Society, ingawa Davy, aliyekuwa rais wakati huo, alimpinga.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya upande wa pili iliruka mara moja, ikatulia. Alipoikata, ikaruka tena. Baadaye akaona kwamba kuingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa kunatosha kuzaa umeme. Stima inayotoka mabwawa ya mto Tana na mvuke wa Olkaria huzalishwa kwa kanuni hiyo.

Lakini si haki nikuchoree malaika. Hesabu zilimshinda kabisa. Maandishi ya Ampère, mwanasayansi mkuu wa Ufaransa, yalikuwa kwake kama mlango uliofungwa kwa kufuli, naye alimkiri Ampère hivyo kwa barua. Katika vitabu vyake mwenyewe vya majaribio, huoni milinganyo; unaona maelezo na mistari ya nguvu za sumaku iliyochorwa kwa unga wa chuma. Wasomi wa hesabu wengi waliiona mistari hiyo kuwa michoro ya fundi. Sijui kama ni sawa kusema hakukosa kitu. Alikosa. Kumbukumbu nayo ilimponyoka uzeeni. Aya za daftari lake la maabara alizipa namba, hadi zikafika 16,041.

Basi nani aliyemsoma? Alikuwa James Clerk Maxwell, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1831. Huyu alikuwa msomi kweli kweli, mhitimu wa Cambridge, gwiji wa hesabu. Na bado aliazimia kutogusa hesabu yoyote kuhusu umeme hadi amalize kwanza kumsoma Faraday tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoona kwamba ndani ya mistari ile kuna hesabu iliyofichika, aliiandika kwa lugha ya wasomi na kumtumia mzee nakala.

Faraday alikuwa na miaka 66. Alikuwa amekataa cheo cha Sir, na urais wa Royal Society pia aliukataa. Mwezi wa Novemba 1857 alimjibu Maxwell kwa adabu, akamuuliza jambo moja: je, watu wa hesabu wakishafikia majibu yao, hawawezi kuyaeleza pia kwa lugha ya kawaida, ili watu kama yeye wayachukue na kuyajaribu?

Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 nyumbani kwake Hampton Court, akiwa ameketi kitini. Kitabu kile alichokijalidi mwenyewe na kumpelekea Davy kingali kinahifadhiwa katika Royal Institution.