Jimi Hendrix, Mpiga Gitaa wa Mashoto

Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za wafalme, wavumbuzi na viongozi waliopigania uhuru. Safari hii naomba nafasi kidogo nieleze maisha ya mtu ambaye hakutawala nchi yo yote, wala hakumaliza hata masomo yake ya sekondari, lakini aliibadilisha sauti ya gitaa ulimwenguni. Huyo ni Jimi Hendrix wa Marekani. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa mtu wa mashoto, kama mimi. Pili, tuliposoma habari za transista katika fizikia, wengi wetu tulikariri michoro tu pasipo kujua ina faida gani. Maisha ya bwana huyu yalinifumbua macho.

Hendrix alizaliwa tarehe 27 Novemba 1942 mjini Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani. Mama yake alikuwa msichana wa miaka 17 tu, ndio umri wangu hivi leo, na baba yake alikuwa jeshini. Mtoto aliitwa Johnny Allen. Baba aliporudi kutoka vitani alimbadilisha jina, akawa James Marshall. Nyumba yao ilikuwa ya dhiki. Wazazi waliachana mwaka 1951, na mama akafariki mwaka 1958. Kijana alikua mpole, mwenye haya nyingi.

Shuleni alikuwa akibeba ufagio na kujifanya anapiga gitaa. Siku moja, alipokuwa akimsaidia baba yake kuondoa takataka katika nyumba ya mama mmoja mzee, aliokota ukulele, yaani kigitaa kidogo, chenye uzi mmoja tu. Kwa uzi ule mmoja akatafuta sauti za nyimbo alizozisikia redioni. Alipofika miaka 15 hivi alipata gitaa la kweli, lililonunuliwa kwa dola 5.

Hapo ikazuka taabu ya mkono. Baba yake aliona kwamba kutumia mkono wa kushoto ni kazi ya shetani. Nduguye mdogo alisimulia baadaye kwamba baba akiwapo Jimi alipiga kwa mkono wa kulia, na baba akitoka aliligeuza gitaa akapiga kwa kushoto. Niliposoma habari hii nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilipokuwa mdogo nilipigwa kofi la mkono kila niliposhika kalamu kwa kushoto. Hata leo naandika kwa mkono wa kulia, na mwandiko wangu waalimu wote wanaujua! Magitaa ya mashoto yalikuwa adimu, basi Hendrix alichukua gitaa la watu wa kulia, akaligeuza juu chini, na kufunga nyuzi upya kinyume. Noti za muziki hakujua kuzisoma.

Mwaka 1961 alikamatwa mara mbili akiwa katika motokaa za wizi, akatakiwa achague jela au jeshi. Akachagua jeshi, akawa askari wa miavuli katika Divisheni ya 101. Mwaka uliofuata alitolewa, maana wakubwa wake walimwona hafai. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye gitaa. Kisha akazunguka miaka minne akiwapigia wanamuziki wengine, wakiwamo Isley Brothers na Little Richard. Mwaka 1966 Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya Animals, alimsikia New York, akamchukua mpaka London mwezi wa Septemba.

Sasa naomba nikieleze kile chombo kiitwacho fazi. Kwa kawaida mashine ya kukuza sauti hutakiwa kuitoa sauti ya gitaa ikiwa safi. Lakini ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya umeme hukatwa vilele, na wimbi lililokuwa la mviringo huwa kama la mraba. Sikio husikia mkwaruzo, mfano wa nyuki waliofungiwa katika debe, na sauti hukawia kufa.

Ajabu ni kwamba sauti hii ilizaliwa kwa ajali. Mwaka 1951 mjini Memphis, mashine ya gitaa ya bendi ya Ike Turner ilikuwa imeharibika. Wakajaza karatasi katika spika iliyoumia, wakarekodi hivyo hivyo, na watu wakaupenda wimbo. Mwaka 1960 mjini Nashville, mtambo wa studio uliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, na gitaa la besi likakoroma. Fundi Glenn Snoddy hakuitupa sauti ile. Aliiiga kwa transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikatoa kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu, Maestro Fuzz-Tone. Hakikupata wanunuzi wengi mpaka mwaka 1965, bendi ya Rolling Stones ilipokitumia katika wimbo uliovuma dunia nzima.

Mwaka ule ule Hendrix alipofika London, kampuni ya Arbiter ya mji huo ilitoa pedali yake, Fuzz Face. Ni ya chuma, ya duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni, yenye vifundo viwili mfano wa macho. Ndani mna transista mbili tu na vipande vingine vichache. Transista za kwanza zilikuwa za jerimaniamu, ambayo hubadilika tabia kwa joto, hata pedali mbili za aina moja hazikulia sawasawa. Hendrix alizijaribu nyingi akachagua zilizolia vizuri. Alipopunguza kifundo cha sauti kwenye gitaa lenyewe, mkwaruzo ulipungua na sauti ikasafika, bila kuigusa pedali. Fundi Roger Mayer naye alimtengenezea Octavia, iliyoongeza sauti ya juu zaidi. Inasikika katika wimbo wa Purple Haze wa mwaka 1967.

Katika miaka minne hivi alitoa sahani tatu kubwa za studio, akasifiwa Ulaya na Marekani. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, huko Woodstock, alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitaa peke yake. Kati ya mistari aliifanya fazi ingurume na kulia mfano wa ndege za vita na mabomu, wakati nchi yake ikipigana Vietnam. Wapo waliokasirika, na wapo waliolia. Alikuwa amewahi kuvaa sare za jeshi hilo, na hakusema neno hata moja.

Alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Alikuwa amemeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, akapaliwa na matapishi. Alizikwa Renton, karibu na Seattle. Hapo hapana la kuiga, wanafunzi wenzangu, na ni hasara kubwa kwamba mtu aliyekuwa na subira ya kuchagua pedali moja kati ya nyingi hakuwa na subira hiyo kwa nafsi yake.

Neno langu la mwisho nawaelekeza wazazi, maana gazeti hili hufika nyumbani. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, wala sibishi. Lakini kalamu si sahani ya wali. Mdogo wangu ameanza darasa la kwanza mwaka huu, naye ana mashoto. Mama, ukisoma haya, nakuomba kwa heshima umwache aandike kwa mkono aliopewa na Mungu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV