Baden-Powell na mahali pa kustaafia

Katika mji wa Moi's Bridge, kando ya mto Nzoia, suala la mahali pa kustaafia si la matajiri peke yao. Tangu uhuru walimu, makarani wa serikali, askari na watumishi wa reli wamekuwa wakija huku kununua ekari mbili tatu, au hata kiwanja kimoja tu, kwa kuwa ardhi ni tambarare, mahindi humea bila kubembelezwa, ghala za Bodi ya Nafaka ziko karibu na barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale hupita papo hapo. Aghalabu mtu huyo huulizwa maswali mawili pekee: ekari ni kiasi gani, na maji yako wapi? Yapo maswali mengine, na ningependa kuyatazama kupitia maisha ya mtu ambaye kila mtoto aliyewahi kuvaa skafu ya skauti shuleni amelisikia jina lake, yaani Robert Baden-Powell. Mwingereza huyu amezikwa Nyeri, na hakufikishwa huko na ajali wala vita. Alipachagua mwenyewe akiwa mzee wa miaka 81.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857. Baba yake, aliyekuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliaga dunia mwaka 1860, na mama ndiye aliyebaki kuwalea watoto. Mwaka 1876 kijana huyu aliingia jeshini akapelekwa Bara Hindi, na kwa muda wa miaka 34 maisha yake yakawa ya farasi, hema na bunduki. Sifa zake zilienea mjini Mafeking, Afrika Kusini, ambako Makaburu walimzingira pamoja na askari wake kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Uingereza nzima ilimshangilia akapandishwa cheo kuwa meja-jenerali akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Shangwe hizo hazipasi kutuziba macho. Waafrika wa kabila la Barolong walioupigania mji huo pamoja naye waliumia kwa njaa, na mmoja wa walioyashuhudia hayo alikuwa mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, ambaye baadaye alimtafsiri Shakespeare kwa Kisetswana. (Sisi wa taaluma ya lugha tuna sababu zetu za kumkumbuka Plaatje zaidi ya jenerali.) Fauka ya hayo, mwaka 1896, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, Baden-Powell aliamuru mtemi Uwini apigwe risasi baada ya kumhukumu katika mahakama ya kijeshi. Uchunguzi ulifanywa, naye akaondolewa lawama. Mtu huyo ndiye aliyewapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea mwezi Agosti 1907, akaanzisha chama kilichoenea ulimwenguni.

Alistaafu jeshini mwaka 1910. Neno letu kustaafu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba kusamehewa wajibu. Baden-Powell aliomba kusamehewa wajibu mmoja, akajitwika mwingine mzito zaidi kwa robo karne na ushei. Mwaka 1912 alimwoa Olave Soames, binti wa tajiri waliyekutana melini, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 32. Walijaliwa watoto watatu. Tangu 1919 waliishi katika jumba kubwa la mashambani kusini mwa Uingereza, wakaliita Pax Hill kwa kuikumbuka amani ya mwaka 1918. Jumba la namna hiyo huhitaji watumishi, kuni na pesa zisizokoma. Mzee alipoanza kuugua, na moyo wake kuchoka, madaktari wakamshauri apumzike kikweli. Agosti 1937 aliwaaga vijana wake katika mkutano mkuu wa skauti wa dunia nchini Uholanzi, na mwaka uliofuata yeye na mkewe wakaliacha jumba.

Walikwenda wapi? Hapa ndipo mambo yanapowafaa wakazi wa Moi's Bridge. Wangeweza kutafuta nyumba ndogo huko huko Uingereza. Wawili kati ya watoto wao, Peter na Betty, walikuwa wakiishi Rhodesia, na wazee wengi wangewafuata. Wao waliichagua Nyeri, walikokuwa wamezuru mwaka 1935, na sababu ya kwanza ilikuwa rafiki. Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell siku za mwanzo za skauti, alikuwa amejenga hoteli ya Outspan pamoja na mkewe mwishoni mwa miaka ya ishirini, na mwaka 1932 akajenga Treetops, ile hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Mzee alijengewa nyumba ndogo ndani ya uwanja wa Outspan. Jiko la hoteli lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na usiku wa maradhi kulikuwa na watu wa kuitwa.

Mtaalamu wa lugha hawezi kuyapita majina hayo kimya. Outspan limetokana na neno la Makaburu la kuwafungua ng'ombe nira safari inapokwisha. Babu za watu wa Uasin Gishu waliwaona kwa macho yao Makaburu walioingia huku na magari ya ng'ombe mwaka 1908, miaka michache tu baada ya vita vile vya Mafeking, na wangelielewa neno hilo bila kamusi. Nyumba yenyewe iliitwa Paxtu. Ni mchezo wa maneno: Pax ya Kilatini, yaani amani, na sauti ya Kiingereza iwezayo kumaanisha mbili au vilevile. Lakini sikio la Mswahili husikia jambo jingine kabisa, amani tu, na sijui kama mwenye nyumba aliwahi kuambiwa na wapishi wake kwamba amelitia jina hilo katika lugha yao.

Miaka yake ya Nyeri haikuwa ya kukaa bure. Alichora ndege na wanyama, akaandika vitabu vidogo vyenye michoro aliyoichora mwenyewe, kikiwemo kimoja cha picha za Kenya kilichotoka mwaka 1940, akajibu barua nyingi. Asubuhi aliutazama Mlima Kenya kutoka barazani. Mji huo, ulioinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una hewa baridi isiyomchosha mgonjwa wa moyo kama joto la pwani. Kwa hiyo alikuwa na rafiki karibu, nyumba ndogo isiyomlemea, hewa ya kufaa, na kazi ya mikono ambayo uzee haukumnyang'anya. Sioni mstaafu wa kwetu aliyewahi kupanga vizuri zaidi, na wengi, kwa bahati mbaya, huanza kwa kinyume chake: mtu huchukua kiinua mgongo chote akajenga ghorofa ya vyumba kumi mahali asipomjua jirani hata mmoja, kisha akabaki mlinzi wa vyumba vitupu.

Hata hivyo upo upande wa pili, na kuuacha kungekuwa kuidhulumu historia. Urahisi wa uchaguzi ule ulitengenezwa na sheria. Mnamo mwaka 1939, mzee akiwa barazani pake, serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyoweka rasmi mipaka ya nyanda za juu zilizotengewa Wazungu. Uasin Gishu na Trans Nzoia zilikuwa ndani ya mipaka hiyo. Moi's Bridge wakati huo ilikuwa Hoey's Bridge, kwa jina la mwindaji Mzungu, nayo reli ya kwenda Kitale ilikuwa imekwisha kupita tangu miaka ya ishirini ili kuyabeba mahindi ya walowezi. Mwafrika aliruhusiwa kuishi katika mashamba hayo kama skwota, alime kipande kwa malipo ya jasho lake, lakini hakuruhusiwa kuyamiliki. Kizuizi hicho kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mwalimu anayenunua ekari mbili Moi's Bridge leo ananunua kile ambacho huenda babu yake alikilima kwa miaka 20 bila haki ya kuzikwa humo.

Na ununuzi wenyewe una historia yake ya machungu. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa kwa hisa, na wanahisa wakakaa miaka na miaka bila hati za kibinafsi. Kisha yakaja machafuko ya 1991 na 1992, na yale ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu waliostaafu kwa heshima walijikuta makanisani na katika vituo vya polisi wakiwa na blanketi moja. Bei nafuu ya ardhi, basi, haina maana mpaka ijulikane hati iko wapi na majirani wanaionaje hati hiyo. Baden-Powell hakulazimika kuuliza hayo. Bunduki ya dola ilikuwa imeshayajibu kwa niaba yake.

Alifariki tarehe 8 Januari, 1941, ikiwa imesalia majuma sita atimize miaka 84, akazikwa katika makaburi ya Mtakatifu Petro mjini Nyeri. Juu ya jiwe la kaburi kumechongwa mviringo wenye nukta katikati, alama ya skauti ya kuonyesha kwamba mwenye njia amekwisha kwenda kwao. Paxtu baadaye ikawa makao ya mstaafu mwingine, Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba milia wa Bara Hindi, aliyehamia Kenya mwaka 1947 pamoja na dada yake. Naye alifariki mwaka 1955 akazikwa katika makaburi hayo hayo.

Anayenishughulisha mimi ni Olave. Mumewe alipokufa alikuwa na miaka 51. Mahali palipochaguliwa kwa ajili ya moyo wa mzee hapakuwa pa mwanamke mwenye nguvu na kazi nyingi mbele yake, na mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alirudi Uingereza. Pax Hill ilikuwa mikononi mwa jeshi. Hakuwa na nyumba, hata akapewa makao katika kasri la kifalme la Hampton Court, ambako aliishi miaka mingi. Alikuwa na bahati ya kuwa mjane wa mtu mashuhuri. Mjane wa mwalimu wa Moi's Bridge hana kasri la kupewa. Ana kiwanja ambacho mara nyingi kimeandikwa jina moja tu, na mashemeji wanaofika mapema kuliko barua ya pensheni. Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika nchini tangu 1981 na humlinda, ila humlinda vizuri zaidi yule ambaye mumewe alipitia ofisi ya ardhi angali hai, akaliandikisha jina la mkewe pamoja na lake.

Olave alifariki mwaka 1977. Majivu yake yaliletwa Nyeri, yakawekwa katika kaburi la mumewe.