Masaki Kobayashi

Masaki Kobayashi (Otaru, 14 Februari 1916 – Tokyo, 4 Oktoba 1996) alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka nchini Japani. Anajulikana hasa kwa filamu ya sehemu tatu Ningen no joken (1959–1961) na kwa filamu za samurai Seppuku (1962) na Joi-uchi (1967). Katika kazi zake nyingi mtu mmoja anasimama mbele ya mamlaka inayodai atii bila kuuliza. Kobayashi mwenyewe aliwahi kuwa katika hali hiyo alipokuwa jeshini.

Maisha ya awali

Kobayashi alizaliwa katika mji wa bandari wa Otaru, kwenye kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mwigizaji maarufu Kinuyo Tanaka alikuwa ndugu yake wa ukoo. Alisoma sanaa ya Asia ya Mashariki katika Chuo Kikuu cha Waseda mjini Tokyo, ambako alifundishwa na mshairi na mwanahistoria Yaichi Aizu. Mwaka 1941 aliajiriwa na kampuni ya filamu ya Shochiku kama mwongozaji msaidizi, lakini baada ya miezi michache aliitwa jeshini.

Vitani

Alipelekwa Manchuria, eneo la China lililokuwa chini ya Japani wakati huo. Kobayashi alivipinga vita, na alionyesha upinzani wake kwa kukataa kupandishwa cheo: alibaki askari wa kawaida hadi mwisho. Mwaka 1944 alihamishiwa kisiwa cha Miyako, kusini mwa Japani. Vita vilipokwisha alishikwa mateka, akakaa takriban mwaka mmoja katika kambi ya Okinawa. Alirudi Shochiku mwaka 1946, akawa msaidizi wa mwongozaji Keisuke Kinoshita.

Filamu zake

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952. Kabe atsuki heya, inayohusu askari wa vyeo vya chini waliofungwa kama wahalifu wa vita, ilipigwa mwaka 1953 lakini haikuonyeshwa hadi 1956. Ningen no joken, iliyotokana na riwaya ya Junpei Gomikawa, ina urefu wa zaidi ya saa tisa. Mhusika mkuu, Kaji, anapinga ukatili wa jeshi huko Manchuria. Aliigizwa na Tatsuya Nakadai, ambaye alionekana katika filamu nyingi za Kobayashi.

Seppuku

Seppuku ni desturi ya samurai ya kujiua kwa kujipasua tumbo ili kulinda heshima. Filamu yenye jina hilo inasimulia habari za mwaka 1630 mjini Edo (Tokyo ya leo). Samurai mmoja maskini, Motome, anafika kwenye jumba la ukoo wa Ii na kuomba mahali pa kujiua, akitumaini kupewa msaada. Badala yake analazimishwa kutimiza alichosema, tena kwa upanga wa mianzi, kwa kuwa alikwisha kuuza panga zake halisi ili kulisha familia yake. Baadaye mkwewe, Hanshiro, anafika kwenye jumba hilo kudai haki.

Pambano la Hanshiro na Hikokuro, mpiganaji hodari wa ukoo huo, ni kati ya matukio yanayochambuliwa sana katika filamu za samurai. Wawili hao wanapita makaburini, kisha katika msitu wa mianzi, hadi kwenye uwanda wenye nyasi ndefu. Makaburi yanatangulia kifo, na mianzi inamkumbusha mtazamaji upanga wa Motome. Ndani ya jumba la Ii kila kitu kimenyooka: nguzo, milango, na changarawe ya uani. Uwandani upepo mkali unalaza nyasi, mawingu yanakwenda mbio, na mpiga picha Yoshio Miyajima anaiinamisha kamera hadi ardhi yenyewe inaonekana kupinda. Utaratibu wa jumba hauna nguvu tena mahali hapo.

Mwishowe upanga wa Hikokuro unavunjika. Hanshiro hamuui, bali anamkata fundo la nywele kichwani. Kwa samurai fundo hilo lilikuwa alama ya hadhi, na kulipoteza kulikuwa aibu kuliko kufa. Kwa njia hiyo ukoo uliodai heshima kutoka kwa maskini unapimwa kwa kipimo chake wenyewe.

Alama hiyo inakamilishwa na deraya ya kale inayotunzwa jumbani kama kumbukumbu ya mababu. Katika vita vya mwisho Hanshiro anaiangusha na kuivunja: ndani yake hamna kitu. Baadaye deraya inarudishwa mahali pake, na kitabu cha ukoo kinaandika habari za uongo kuhusu siku hiyo. Filamu ilipata Tuzo Maalumu ya Jopo la Waamuzi katika tamasha la Cannes mwaka 1963.

Miaka ya baadaye

Filamu yake Kaidan, yenye hadithi nne za mizimu, ilipata tuzo hiyohiyo mwaka 1965. Katika Joi-uchi, Toshiro Mifune aliigiza samurai anayekataa amri ya bwana wake ya kumnyang'anya mwanawe mke. Hapo pia pambano la mwisho na rafiki yake linafanyika katika nyasi zinazopeperushwa na upepo. Mwaka 1969 Kobayashi alianzisha kampuni pamoja na Akira Kurosawa, Kon Ichikawa na Kinoshita. Mwaka 1983 alitoa Tokyo saiban, filamu ya hali halisi ya zaidi ya saa nne kuhusu kesi ya viongozi wa Japani baada ya vita. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1985. Alifariki mjini Tokyo akiwa na umri wa miaka 80.